Sahihi Sitini za Mwambao

Mwamgongo,
14 Januari 1962

Mwanangu Bonifasi,

Mwaka mpya umetukuta tukiwa wazima, na nataraji kwenu Rusimbi ni hivyo hivyo. Baba yako Feliksi anakusalimu. Kikohozi kimempungua, na siku hizi anabishana na kila mtu anayepita, kwa hiyo ujue amepona. Michikichi imezaa, mawese tunayo, na dagaa wa mwezi uliopita walikuwa wengi hata mchanga wa ufukweni haukuonekana. Stephania anaendeleaje na mimba? Mwambie asibebe ndoo kichwani, shangazi amekataza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tumesikia mwaka huu kuna uchaguzi wa baraza. Kiti chetu cha mwambao wa kaskazini anakikalia Mzee Hamdani, mwenye duka pale Ujiji. Amekipata mara mbili, na mara zote mbili alipita bila kupingwa. Mimi nina miaka arobaini na minne na sijawahi kumtia machoni. Tumepeleka maombi ya zahanati mara tatu, hatukujibiwa hata kwa matusi. Unajua kwa nini naitaka zahanati hiyo. Sitaandika.

Nilikwenda kwenye tawi la Chama, nikiwa na kadi yangu ya mwaka hamsini na saba, nikauliza kama safari hii mtu wa huku anaweza kusimama. Nikaambiwa kiti kina mwenyewe. Basi watu thelathini na kitu tumeanzisha chama kidogo, tunakiita Umoja wa Mwambao. Wamo wavuvi, wakulima, Wakristo, Waislamu, na wale ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo. Tunataka kumsimamisha mtu.

Wewe uko ofisi ya uchaguzi. Sikuombi upendeleo. Nakuomba uniandikie taratibu, tusije tukakosea.

Ni mimi shangazi yako,
Leonia

*

Rusimbi, Kigoma,
11 Februari 1962

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki mbili kwa mtu wa Kibirizi aliyedhani mimi bado naishi Mwanga. Sisi hatujambo. Stephania bado anatapika asubuhi na kula udongo mchana, wanawake wa hapa wanasema ni dalili nzuri. Mpe baba shikamoo yangu na umwambie nimempata yule fundi wa viatu.

Kuhusu uchaguzi, taratibu ni hizi. Chama ambacho tayari kina wajumbe ndani ya baraza kinaleta barua moja ya katibu wake yenye jina la mgombea. Basi. Chama kipya kinaleta fomu yenye sahihi sitini za wapiga kura wa eneo lile lile. Kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Dole gumba halikubaliwi. Fomu iletwe hapa Kigoma kwa mkono kabla ya saa kumi jioni, tarehe 18 Mei.

Naambatisha fomu. Shangazi, niruhusu niseme na jingine kama mtoto wako. Bendera yetu ina miezi miwili. Hapa mjini mtu akisema ana chama kingine, wenzake wanamtazama kama aliyeingia msikitini na viatu. Mimi ni karani mdogo. Watu wakijua kwamba shangazi yangu yumo katika jambo hili, sijui watasemaje. Sikuzuii. Nakueleza tu.

Je, mtakayemsimamisha ni nani?

Mwanao,
Bonifasi

*

Mwamgongo,
4 Machi 1962

Mwanangu,

Mvua imetupiga wiki nzima na dagaa wameoza kwa kukosa jua. Baba yako amepokea habari za fundi wa viatu kwa furaha kuliko habari za mjukuu.

Sahihi sitini! Niliwakusanya watu uwanjani kwa Lukas, yule nahodha wa mtumbwi wa abiria, nikawasomea. Wanaotuunga mkono hapa na vijiji vya jirani wanapita mia mbili. Wanaojua kuandika majina yao ni ishirini na sita, na wanne kati yao wanaandika kama kuku aliyepita kwenye majivu.

Hebu nisaidie kuelewa, wewe uliyesoma. Mzee Hamdani anaingia kwa sahihi ya katibu mmoja aliyeko mjini. Sisi madole gumba mia mbili hayatoshi kufikia kalamu ya mtu mmoja? Na huyo aliyekataa dole gumba alikuwa anamfikiria nani? Marehemu mume wangu alilipa kodi kwa dole gumba miaka kumi na mmoja, wala hakuna aliyelikataa.

Unasema watu watanitazama vibaya. Usiku wa bendera nilicheza mpaka kanga ikachanika, na wewe ulikuwepo. Sipingi uhuru, Bonifasi. Nataka mlango wa kuingilia uwe mpana sawasawa kwa wote, halafu watu wachague wamtakaye. Wakimchagua Hamdani, nitampigia makofi.

Kulalamika hakuandiki majina. Nilijifunza kusoma kwa masista nikiwa msichana, kwa hiyo tangu Jumatatu nafundisha. Tukimaliza kuanika dagaa tunakaa ufukweni, kila mtu na kijiti chake, tunaandika kwenye mchanga mbichi. Wimbi likija linafuta, tunaanza tena.

Umeuliza mgombea ni nani. Ni mtu wetu tu.

Shangazi yako,
Leonia

*

Rusimbi,
2 Aprili 1962

Shangazi,

Shikamoo. Stephania amejifungua salama katika hospitali ya hapa, Jumatano alfajiri, mtoto wa kike. Tumemwita Klementina kama bibi yake mzaa mama. Ana nywele nyingi na sauti ya mpiga mnada. Mwambie baba.

Barua yako ya Machi nimeipata. Nimeanza kuijibu mara kadhaa, nimechana. Kazini wameshajua. Karani Mkuu aliniita akaniuliza, “Huyu Leonia wa Mwamgongo ni nani wako?” Nikasema ni dada wa baba. Akasema, “Basi mshauri.”

Kwa hiyo nakushauri. Labda mngesubiri uchaguzi ujao, mambo yakiwa yametulia. Sina zaidi.

Bonifasi

*

Mwamgongo,
6 Mei 1962

Mwanangu Bonifasi, baba Klementina,

Mungu amkuze mtoto. Kijiji kizima kimempa majina, na baba yako ameyakataa yote. Nitamletea kitambaa cha kumbebea.

Ushauri wako nimeusoma na nimeuweka. Sasa nikusimulie habari za shule yangu.

Wanafunzi ni arobaini na mmoja. Asumani mvuvi anaandika herufi ya N kinyume, na akisahihishwa anasema hiyo ndiyo N ya wavuvi. Mkewe ameandika jina lake kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba, ili wageni wajue ni nyumba ya nani. Tulipomaliza majina watu walikataa kuondoka. Walitaka na maneno mengine. Sasa wanasoma karatasi za sabuni, wanasoma maandishi ya magunia, wanasoma kila kitu. Lukas amegundua kwamba mtumbwi wake, alioununua umeandikwa tayari, unaitwa Subira. Alikuwa akiuita Simba miaka sita.

Bibi Rozalia ndiye aliyenitesa. Amepita miaka sitini, vidole vimekakamaa kwa kukamua mawese. Herufi ya kwanza ilimshinda; alisema imepiga teke. Wiki tano nilimshika mkono. Alhamisi iliyopita aliniambia niondoke, akaandika peke yake, polepole, herufi saba, zimelala huku na huku. Kisha akasimama akazitazama mpaka maji yakaja. Akasema, “Kumbe nipo.”

Mwanangu, mimi niliyemzika mume na watoto wawili bila kulia mbele za watu, siku hiyo nililia.

Tuna sahihi hamsini na tatu kwenye fomu yako. Zilizobaki nitazipata wiki hii, na tarehe 18 nitaileta mwenyewe. Usinitoroke.

Leonia

*

Rusimbi,
20 Mei 1962

Shangazi,

Shikamoo, na najua huenda usiitikie.

Ijumaa ulipokuwa mbele yangu sikusema neno, kwa sababu Karani Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Ulifika saa nane na nusu, nguo zimelowa mpaka kiunoni, fomu kavu ndani ya kopo la majani ya chai. Nilipoifungua ndipo nikaona jina la mgombea: Leonia binti Thadeo. Miezi mitatu tangu nikuulize.

Majina yalikuwa sitini. Karani Mkuu aliyapitia akaweka kidole penye kumi na moja. “Hizi si sahihi, hii ni michoro. Kata.” Mkono ulioshika kalamu nyekundu ulikuwa wangu. Nilikata la Asumani kwa sababu ya N yake. Nilikata la Bibi Rozalia. Ulisimama ukaniangalia nikikata, kisha ukasema, “Asante, karani,” ukaondoka. Hukuniita mwanangu. Hukuja nyumbani kumwona mtoto. Kitambaa chake ulimpa mlinzi wa mlangoni.

Nisikilize sasa. Uliniuliza Machi, aliyekataa dole gumba alikuwa anamfikiria nani. Alikuwa mimi. Mwezi wa Novemba tulikuwa kikaoni, Karani Mkuu akauliza jinsi ya kuzuia majina ya uongo kwenye fomu. Nikanyoosha mkono, nikasema kila mtu aandike kwa mkono wake. Nilisifiwa. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilikuwa nikiwaza watu wa mjini wenye hila. Sikuwaza ufuko wetu hata mara moja, mimi niliyesomeshwa na dagaa wako.

Na lile usilotaka kuandika, niache niandike mimi. Mama alifia kwenye mtumbwi, na uzazi umemkwama, tukiwa tumeshauona moshi wa garimoshi la Kigoma. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa miguuni pake. Aliyekuwa akipiga kasia ni wewe.

Kuna haki ya rufaa ndani ya siku kumi na nne, mbele ya kamati ya watu watatu. Mwenyekiti ni Mwalimu Bonaventura, mstaafu, mtu asiyekopa maneno kwa mtu. Andika rufaa. Nikiitwa kutoa ushahidi nitasema yote, hata hayo ya kikaoni.

Bonifasi

*

Mwamgongo,
27 Mei 1962

Bonifasi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Nimekukasirikia siku tatu. Ya nne nimechoka. Bibi Rozalia nilimwambia jina lake halikuhesabiwa, aliuliza, “Walilisoma?” Nikamwambia ndiyo, walilisoma ndipo wakalikata. Akasema basi wameona kwamba ni jina.

Kuhusu mama yako. Nilidhani ulikuwa mdogo mno kukumbuka, ndiyo maana sikuandika. Miaka kumi na saba nimejiuliza kama ningepiga kasia kwa nguvu zaidi. Jina la mgombea nililificha kwa sababu nilijua ungenikataza kwa upendo, na mimi kwa upendo nakatazika.

Rufaa hii hapa, imo ndani ya bahasha. Ipeleke unakojua.

Shangazi yako bado,
Leonia

*

Rusimbi,
13 Juni 1962

Shangazi yangu,

Shikamoo. Lukas amefika Jumapili jioni, amekuja kwa miguu kupitia milimani siku mbili, kwa sababu ya upepo wa kusi. Alitueleza kwamba uliteleza kwenye mawe na mguu umevimba huwezi kukanyaga. Pole sana. Alitoa karatasi yako kwenye kofia yake, ile yenye swali moja tu. Kwa kuwa hukuwepo, nakusimulia kikao cha Jumatatu kama kilivyokuwa.

Chumba kilijaa, wengine walichungulia madirishani. Mwalimu Bonaventura alivaa miwani, akasoma karatasi yako kwa sauti: “Chama kikubwa, kwa kiti hiki hiki, kilileta sahihi ngapi?” Kisha akanigeukia mimi.

“Karani, jibu.”

“Hakikuleta, Mwalimu. Kilileta barua.”

“Barua ina sahihi ngapi?”

“Moja.”

Watu wakaguna. Akaendelea, “Na hili la kukataa dole gumba limo katika sheria gani?”

Karani Mkuu alikuwa ananitazama. Nikasema, “Halimo katika sheria yoyote. Lilitoka kwangu. Nililitoa kikaoni likapitishwa, na nilikosea.”

Katibu wa Chama aliomba kusema. Si mtu mbaya, shangazi, alisema kwa uchungu wa kweli: “Mwalimu, nchi hii haijatimiza miezi saba. Kila kikundi kikipewa karatasi ya kura, tutafika wapi?”

Mwalimu akavua miwani. “Tutafika kwenye kuhesabu,” akasema. “Na kuhesabu tunajua. Chama chako kina watu wengi kule mwambao?”

“Wengi sana.”

“Basi sitini hawatakushinda.”

Uamuzi wao ni huu. Barua ya katibu haitoshi tena. Kila mgombea, wa chama kikubwa au kidogo, alete sahihi sitini za wakazi wa eneo lenyewe. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Fomu zote za mwanzo zimefutwa, na wote wameongezewa muda hadi tarehe 6 Julai. Kura ni tarehe 12 Agosti.

Lukas alinibeba juu, mimi na suti yangu. Karani Mkuu hajasema nami tangu siku ile, ila anaweka mafaili mezani kwangu kwa kishindo. Usiku nimelala vizuri, wa kwanza tangu Mei.

Stephania anasema mguu uukande kwa maji ya chumvi. Klementina amekitapikia kitambaa chako, yaani amekikubali.

Mwanao,
Bonifasi

*

Mwamgongo,
8 Julai 1962

Mwanangu Bonifasi,

Mguu umepona, natembea na fimbo kwa ajili ya heshima tu. Baba yako alipomsikia Lukas akisimulia kikao aliinuka akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema moshi wa jikoni umemwingia machoni. Jiko halikuwa limewashwa.

Sahihi zetu tulizipata kwa siku mbili, mia moja na nne, tukaacha kwa kukosa nafasi kwenye fomu. Shahidi alileta kidau cha wino kwa wale wa dole gumba. Wale kumi na mmoja uliowakata walikuja pamoja, wa kwanza kabisa. Shahidi akamwambia Bibi Rozalia, “Bibi, sasa unaruhusiwa dole gumba, usijichoshe.” Akamjibu, “Dole gumba kampe mkeo. Mimi naandika.” Tulingoja, jua likahama, akamaliza.

Lakini ninalotaka kukueleza ni la Jumanne. Mtumbwi ulitia nanga saa tano, na ndani yake alikuwemo mzee mwenye koti na kofia iliyodariziwa, uso umekuwa kama ndizi mbichi kwa kutapika. Vijana walimbeba mabegani hadi mchangani. Akasema yeye ni Hamdani.

Bibi Rozalia akamsogelea akamtazama juu mpaka chini. “Wewe ndiye Hamdani? Sisi tulidhani ni jina la duka.”

Alicheka, Bonifasi. Mnyonge vile, alicheka. Akakaa kwenye gogo, akaomba maji, akasema bila kuzunguka kwamba ana fomu yake na amezunguka vijiji vitatu, ana sahihi arobaini na nane. Siku zimebaki tatu. Watu wa Chama wa hapa kijijini walijitokeza wakaandika, kumi na mmoja. Ikawa hamsini na tisa. Akangoja. Hakuna aliyesogea. Niliwasikia wenzangu nyuma yangu wakinong'ona, “Mwache akose. Yeye alituacha mara mbili.”

Nami, nisikufiche, moyo ulinipiga kwa tamaa. Huyu angekosa sahihi moja, mimi ningepita bila kupingwa. Maneno yale yale. Nilikaa nikayaonja mdomoni, nikaona yana ladha ile ile niliyoichukia miaka yote.

Nikainuka nikachukua kalamu. Lukas akasema, “Mama Leonia, unafanya nini?”

Nikamwambia Mzee Hamdani, “Kuandika hapa si kukupa kura.”

Akasema, “Najua, dada yangu.”

Nikaandika jina langu, la sitini.

Kabla ya kuondoka aliniuliza wanawake wenye uchungu wanapitia wapi. Nikamwonyesha mtumbwi. Akauliza, “Huu huu uliotaka kuniua?” Nikasema huo huo, na wao wanakuwa wamelala chini. Hakucheka tena. Alipanda mtumbwini.

Leonia

*

Mwamgongo,
2 Septemba 1962

Mwanangu,

Kusi limepungua na samaki aina ya kuhe wamerudi. Baba yako alivaa viatu vipya vya yule fundi wako siku ya kura na vimemchubua, anakulaumu wewe.

Matokeo unayo, ulikuwa miongoni mwa waliohesabu. Mia nne na kumi na mbili za Hamdani, mia tatu sabini na saba zangu. Barua yako ya pole imenifikia, lakini pole yenyewe nimeigawa kwa wengine. Mimi sikuihitaji sana. Nilishindwa kwa kura thelathini na tano. Mara zilizopita tulishindwa kwa karatasi, hata kura zenyewe hatukuziona. Niliingia kwenye chumba cha kupigia kura, nikaona jina langu limeandikwa chini ya la yule mzee, wino ule ule, ukubwa ule ule. Nilisahau kilichonileta mpaka msimamizi akakohoa.

Sisemi sikuumia. Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Asumani alisema wangekuwa wametupa siku zaidi tungeshinda, na labda ni kweli. Vijiji vya juu hawakunijua, na wengine walisema wazi hawampi mwanamke. Haya yote nimeyahesabu.

Juma lililopita Mzee Hamdani alikuja tena, mara ya pili katika maisha yake, bila fomu ya kutafutia sahihi. Alituambia alisimama kwenye kikao cha baraza akaomba zahanati ya mwambao. Wamemjibu mwaka huu jengo haliwezekani. Wamekubali mkunga aje kwa boti kila wiki mbili, kuanzia mwezi wa kumi, na wametupa ruhusa kujenga chumba kwa nguvu zetu. Alipoeleza hayo alikuwa kama mtu anayeomba radhi. Nikamwambia hiyo si zahanati, ila ni zaidi ya miaka yote iliyopita. Tumeshaanza kukusanya mawe. Umoja wa Mwambao unakutana kila Ijumaa, sasa tuko themanini.

Nasikia unahamishwa. Watu wanasema ni adhabu ya ushahidi wako, wengine wanasema ni cheo. Niambie wewe.

Shangazi yako,
Leonia

*

Kibondo,
14 Oktoba 1962

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Tumefika salama, vumbi limetufanya wote rangi moja. Stephania amepata shamba la maharage nyuma ya nyumba. Klementina anakaa bila kushikwa. Baridi ya huku asubuhi ni ya kweli, tafadhali baba asije bila sweta. Mwambie salamu ya “Mwakeye” huku inaitikiwa kwa maringo, atapenda.

Umeuliza kama ni adhabu au cheo. Barua ya uhamisho haikusema, nami sikuuliza. Nimepewa ofisi ndogo ya uchaguzi, karani mmoja chini yangu, kijana mwepesi anayeitwa Gervasi, na meza yenye mguu mfupi. Huku nao watachagua baraza lao mwezi wa pili. Kamati ya Mwalimu Bonaventura ilituma uamuzi wake wilaya zote za jirani. Kama zitaufuata ni juu ya kila ofisi. Hii yangu inaufuata. Nimeubandika ukutani kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa.

Jana, Jumamosi, tukiwa tunakaribia kufunga, aliingia mzee amevaa kaptura, amebeba karatasi imekunjwa mara nyingi. Alikuwa amefika asubuhi, kumbe alikuwa akizunguka nje akiogopa kuingia. Akasema yeye na wenzake sita wana chama, wanataka kumsimamisha mtu, na hajui kusoma.

Gervasi akamwambia, “Mzee, vyama vinaleta barua ya katibu. Nyinyi mna katibu?”

Mzee akasema hawana, akaanza kukunja karatasi yake upya, taratibu, kama mtu aliyelizoea jibu hilo.

Nikainuka. Nikamtoa Gervasi mezani, nikachukua fomu mbili mpya. Moja nikaiweka upande wa katibu wa Chama, ambaye alikuwa aje Jumatatu. Nyingine, iliyofanana nayo neno kwa neno, nikaiweka mbele ya mzee. Akaniuliza, “Na sisi tunapewa hii hii?”

“Hii hii,” nikamwambia. “Keti, mzee wangu. Nitakusomea yote, halafu utaniuliza.”

Nikamvutia kiti.

Mwanao,
Bonifasi